Je, Yafaa Kupangisha Nyumba ya Udongo?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo lililotukuta nyumbani wakati wa likizo, maana naona haliwahusu watu wa kwetu peke yao. Wanafunzi wenzangu wengi, na hata wakubwa wetu waliokwisha kutoka shuleni hapa, wana nyumba ya namna hii mahali fulani, ya babu au ya bibi, nao wamekwisha ulizwa au wataulizwa swali hili: Tuibomoe? Tuiache? Ama tuwapangishe wageni?

Nyumba ninayoisema ni ya Bibi, mzaa mama yangu, nayo iko Nyakabanda, Kigali, upande wa Nyamirambo. Ilijengwa kwa matofali mabichi, yale tuyaitayo rukarakara: udongo uliokandwa kwa miguu na kuchanganywa na majani makavu, ukatiwa katika kalibu ya mbao, ukaanikwa juani pasipo kuchomwa. Aliyeijenga ni baba mkwe wake Bibi mwaka 1957, na Bibi aliletwa humo bibi arusi mwaka 1961, mwaka mmoja kabla nchi haijapata uhuru. Msingi wake ni wa mawe, upenu wake ni mpana, na kuta zake zina unene wa karibu dhiraa moja. Mchana ndani ni baridi. Usiku, milima ya Kigali inapopoa, kuta hurudisha joto zilililolipata mchana, na mtu hulala vizuri kwa blanketi moja.

Basi nilipofika likizo nilishuka Nyabugogo na sanduku langu, nikapanda pikipiki hadi nyumbani, nikamwamkia Bibi shikamoo. Akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Chumba chako kina mgeni, wewe utalala sebuleni."

Mgeni mwenyewe alikuwa mama mmoja mwalimu kutoka Ujerumani. Dada yangu alikuwa amekitangaza chumba kwa simu yake, na mgeni alilipa faranga 25,000 kwa usiku mmoja, pamoja na chai ya maziwa na chapati za Bibi. Sikusema neno, lakini moyo uliniuma, wala si kwa sababu ya mkeka niliolalia.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa kidato cha pili niliwaambia wenzangu kwamba kwetu ni nyumba ya matofali ya kuchoma. Rafiki yangu mmoja alipotaka kuja kututembelea, nilimzuia kwa kusema kwamba Bibi ni mgonjwa. Bibi alikuwa mzima kabisa. Na sasa mtu alikuwa ametoka ng'ambo, akitoa fedha yake alale katika kitanda kile kile nilichoona haya kumwonyesha rafiki yangu! Naye asubuhi alipita akigusa ukuta kwa kiganja na kuniuliza nani aliyeujenga, na ulijengwaje. La kwanza nilijua. La pili sikujua hata kidogo, ikabidi Bibi ajibu, na mimi nifasiri.

Nyumbani kwetu kuna maoni ya namna mbili. Mjomba anataka nyumba ibomolewe na kujengwa nyingine ya saruji. Mama mdogo anataka Bibi ahamishiwe kwake, ili nyumba yote wapangishwe wageni, kila chumba kwa bei yake. Mimi sikubaliani na mmoja wao, ingawa wote wawili wananizidi umri, nami nawaheshimu.

Kwanza nataka kumtendea haki Mjomba, kwa kuwa hasemi ovyo. Nyumba ya udongo si mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi, hasa Magharibi na Kaskazini mwa nchi yetu, wakafa watu zaidi ya 130, na miongoni mwao wamo walioangukiwa na nyumba zao wenyewe wamelala. Kwa miaka mingi kanuni za ujenzi mjini Kigali zilizikataa nyumba mpya za rukarakara. Siku hizi zinaruhusiwa mahali pengine, lakini kwa masharti. Kwa hiyo mtu asiyesifu udongo ila kwa sababu mgeni ameusifu, huyo hajafikiri. Mgeni hulala siku nne akaenda zake, bali mwenyeji hulala chini ya ukuta ule masika yote.

Lakini kinachoua ni nini? Ni ukuta uliojengwa bila msingi, penye mteremko mkali, bila mfereji wa maji, na ukaachwa bila kutengenezwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Djenné, katika nchi ya Mali, upo msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907, mwaka ule ule Richard Kandt alipoanzisha Kigali. Mji ule wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1988. Msikiti haukusimama kwa sababu udongo wa Mali ni wa ajabu. Umesimama kwa sababu kila mwaka watu wa mji hutoka, wakubwa kwa wadogo, wakaupaka tope jipya kwa mikono yao.

Hata kwetu tumeona mfano. Miaka michache iliyopita Mjomba aliupiga ukuta wa mbele lipu ya saruji, ili nyumba ipendeze. Saruji ni ngumu, udongo ni laini, navyo havikushikana. Maji yakaingia katika nyufa yakakosa pa kutokea, na siku moja kipande kizima kikaanguka na matofali yake. Ukuta wa nyuma, ambao Bibi huusiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, uko salama hadi leo. Siku ya tatu ya mgeni wetu, Bibi alikuwa ameagiza udongo wa kuziba pale palipoanguka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: yule mama alikunja mikono ya nguo yake, akaomba ndoo. Nami nikaona haya mara ya pili, nikavua viatu nikaingia katika tope.

Sasa nimjibu Mama mdogo. Kukaribisha wageni kwa malipo si kosa. Hapo hapo Nyamirambo kuna kituo kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, ambacho huwatembeza wageni mitaani, na fedha hubaki kwa wenyeji wenyewe. Hilo ni jema. Lakini tutazame pia Lamu, katika pwani ya Kenya. Nyumba za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa, si za udongo, lakini fundisho ni lile lile. Mji ule uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Watu wa ng'ambo wamenunua nyumba nyingi za kale, hasa kijiji cha Shela, wakazitengeneza vizuri sana kwa ajili yao na wageni wao. Nyumba zinapendeza, lakini watoto wa waliozijenga huzitazama kwa nje. Nyumba yetu ikitolewa Bibi ndani yake, nani atakayeona ufa mpya kabla ya mvua? Ufunguo utaona? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Liko jambo moja zaidi. Dada yangu alitaka kuandika katika tangazo kwamba nyumba yetu ni ya kihistoria, na kutaja habari za mwaka 1994, maana wageni huziuliza. Na kweli yule mama aliuliza jioni moja, kwa adabu. Bibi akautazama mlango wa chumba cha nyuma, akasema, "Nyumba hii ilisimama," kisha akamwongezea chai. Hakusema zaidi, wala mgeni hakurudia swali, wala sisi wajukuu hatujapata kumwuliza zaidi. Nilimwambia dada yangu maneno yale yasiandikwe, naye akakubali. Mgeni hulipia kitanda, chai na mlango ufungwao. Habari za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi si sehemu ya kodi ya chumba. Bibi akipenda kumsimulia mtu, atamsimulia bure.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Yafaa kupangisha, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, mwenye nyumba akae humo humo. La pili, fedha ya wageni itengeneze kwanza msingi, mfereji na paa, ndipo inunue mengineyo. Bibi ameanza kuiweka katika kopo la maziwa ya unga, na katika miezi mitatu kopo limekwisha lipa mabati mapya ya upande mmoja. La tatu, sisi vijana wa nyumba tujifunze kazi yake, maana Bibi amepita miaka themanini, naye hatausiriba ukuta milele. Mjomba amekubali kungoja masika mawili aone. Mama mdogo bado amenuna.

Nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa, ambao wengine wenu ni mafundi na wakandarasi, nawaomba: kabla hamjaita watu wa kubomoa, ingieni ndani, mchunguze msingi, mkawaulize wazee udongo ulichimbwa wapi.

Rafiki yangu niliyemdanganya yu darasa moja nami hata sasa, naye atayasoma haya. Namwomba radhi. Bibi hakuwa mgonjwa, na likizo ijayo tutausiriba ukuta wa mashariki. Akipenda kuja, aje na nguo za kazi, na kitanda nitampa changu.