MSHAHARA UMEPANDA, SOKO LIMELALA



Katika Kaunti ya Kericho, nchini Kenya, chai imelimwa katika mashamba makubwa tangu miaka ya 1920, na mchumaji wa mkono hulipwa kwa kilo. Siku hizi mashine zachuma mahali pa mikono, na mwezi wa Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto na watu wenye hasira. Hatusifu uharibifu ule. Lakini yafaa kuuliza sababu yake, nasi makarani tuna sehemu katika jibu.

Tufanye mfano. Wachumaji 10 walipata shilingi 300 kila mmoja kwa siku, jumla 3,000. Ikaja mashine, wakabaki wawili, kila mmoja kwa shilingi 600. Karani ataandika ya kuwa mshahara wa wastani umeongezeka mara mbili, wala hatakuwa amesema uongo. Lakini fedha ifikayo nyumbani na sokoni imeshuka hata 1,200, na watu 8 hawamo tena daftarini.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu: kila mwandikapo mishahara, andikeni pia idadi ya walioondolewa, na siku ambazo vibarua walipata kazi. Mwenye shamba ana haki ya kutumia mashine. Aliyeondolewa naye ana haki ya kuhesabiwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mhariri