Maktaba ya Mji ni ya Nani?

Msomaji mwema, mji wa Eldoret ulizaliwa katika mchanganyiko wa lugha. Jina lake hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mawe, kwa ajili ya mawe yaliyojaa katika mto Sosiani. Makaburu kutoka Afrika ya Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na mahali pakaitwa kwa namba hiyo. Midomo ya wenyeji ikaigeuza hesabu ya Kiingereza ikawa Sisibo. Reli ilipowasili mwaka 1924 ilifuatwa na mafundi, vibarua na wachuuzi wa kila kabila. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta mjini watu 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hati ya kuwa jiji. Ukisimama sokoni asubuhi utasikia Kinandi na Kikeiyo, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kiturkana, Kisomali, Kigujarati, na Kiarabu cha watu wa Sudan ya Kusini. Na kati ya hizo zote Kiswahili kinakwenda na kurudi kama uzi katika sindano.

Sasa toka sokoni, ingia katika maktaba ya umma ya mji wo wote wa nchi yetu, uulize lugha hizo zimewekwa rafu gani. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Nilipata kuingia katika maktaba moja ya Bonde la Ufa, Jumamosi moja kabla ya mitihani. Sitaitaja, kwa kuwa dada zake wengi wamefanana nayo. Ukumbi ulijaa hata vijana wengine wakakaa sakafuni. Nilifurahi, lakini nilipopita kati ya meza niliona kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyesoma kitabu cha maktaba. Kila mmoja alikuja na daftari lake na kitabu chake cha shule. Alichofuata hapo ni kiti, mwanga na kimya. Nikaenda kwenye rafu. Vitabu vilisimama wima, safi, kama vilivyotoka sandukuni. Nilitoa kimoja, nacho kilifundisha sheria za udereva katika barabara za Uingereza. Nilitoa cha pili, nacho kilieleza namna ya kulinda maua ya bustani wakati wa theluji. Ningali nimekishika akaingia mzee mmoja mwenye mabuti ya matope. Alivua kofia, akamwuliza mkutubi kama kuna kitabu cha Kiswahili juu ya maradhi yanayokausha mahindi. Mkutubi, kijana mwenye adabu, akamjibu, “Samahani, mzee wangu, vya kilimo tulivyo navyo ni vya Kiingereza, tena ni vya zamani.” Mzee akashukuru, akatazama kichwa cha habari cha gazeti lililokuwa mezani, akatoka. Hakukaa dakika tano. Kama hakurudi tena mahali pale, simlaumu.

Mzee yule hakuomba anasa. Uwanda huu ni ghala la nchi kwa mahindi na ngano, na maradhi hatari ya mahindi yaliyoonekana Kenya mwaka 2011 yaliwafilisi wakulima wengi. Alitaka maarifa kwa lugha anayoielewa, katika nyumba iliyojengwa kwa kodi ya watu kama yeye. Alikosa, na hakuna mtu aliyefanya kosa linaloweza kuandikwa katika daftari la mashtaka. Hii ndiyo sababu ubaya huu umedumu.

Nasema kwamba maktaba zetu zimetekwa na watu wawili. Wa kwanza ni mtihani. Mtihani umeugeuza ukumbi wa umma kuwa chumba cha kudurusu, na wewe unayesoma ukurasa huu huenda ni mmoja wa walioketi humo. Sikulaumu hata kidogo. Nyumbani kwenu huenda hakuna taa wala meza, na ukumbi huo ni haki yako pia. Lakini chumba cha kudurusu si maktaba, kama vile uwanja usio na mpira si mchezo. Siku utakapomaliza mtihani utatoka humo hujaazima kitabu hata kimoja, nawe utakuwa mtu mzima asiyekumbuka njia ya kwenda huko.

Wa pili ni zawadi. Mwaka 1954 Lady Ranfurly alianzisha kazi ya kukusanya vitabu na kuvipeleka kwenye nchi zilizokosa; shirika lake leo huitwa Book Aid International, nalo hupeleka vitabu vipya vitolewavyo na wachapishaji. Wamefanya wema, na mwenye kuukana hana shukrani. Wako pia watoaji wengine wasiohesabika, na wengine miongoni mwao hutoa kile walichochoka kukiweka nyumbani. Mimi simwendei mtoaji kwa hasira. Namwendea mpokeaji, kwa sababu aliyepewa mwaka wa kwanza kwa shida, akapewa mwaka wa pili kwa mazoea, hatimaye husahau kwamba kuna kununua. Mgeni akileta kilemba tutakivaa. Lakini mgeni hajui kipimo cha kanzu zetu, wala si kazi yake kukijua.

Wazee waliotutangulia waliona mbali kuliko sisi. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 Ofisi ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ikichapisha kwa lugha nyingi za nchi hizi na kupeleka masanduku ya vitabu mashambani. Mwaka 1960 S. W. Hockey aliandika taarifa yake kuhusu maendeleo ya maktaba. Ikafuatiwa na sheria, Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Huko Nairobi maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa kwa miaka mingi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962 ikawa mali ya Baraza la Jiji. Kufungua mlango ni kazi ya siku moja: huhitaji ila ufunguo na hotuba. Kufungua rafu ni kazi nyingine, na kazi hiyo tumeiacha nusu.

Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba chini ya serikali za kaunti. (Katika Jedwali la Nne utazikuta katika fungu moja na michezo ya kamari na leseni za pombe. Natumaini mpango huo ulitokana na haraka ya waandishi tu.) Tena kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya, na maandishi ya vipofu. Basi sheria tunayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kila mwaka na bila ya haya, ni shilingi ngapi zilizotengwa kununua vitabu, na ni nani aliyevichagua.

Najua jibu nitakalopewa. Nimelisikia kwa watu waheshimiwa, na baadhi yao ni rafiki zangu. Husema, “Eldoret si mahali pa kuchezea lugha za makabila. Weka Kinandi katika rafu hii na Kikuyu katika rafu ile, nawe umechora mpaka ndani ya nyumba ya umma.” Wanaosema hivi hawakosi sababu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo kutafuta salama. Makumi walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Katika nchi nzima Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha katika ghasia zile, na ililaumu baadhi ya redio za lugha za nyumbani kwa kueneza chuki. Watu waliozika jamaa zao wana haki ya kuogopa maneno.

Lakini angalia, msomaji, hoja hiyo inakokwenda. Katika miaka iliyotangulia moto ule, Kiingereza ndicho kilichotawala rafu za maktaba zetu, na lugha za nyumbani zilikaa nje. Je, ukimya huo ulimlinda nani? Sidai kwamba kitabu kingeuzima moto. Ugomvi wa ardhi na hila za siasa ndivyo vilivyouwasha, navyo havitibiwi kwa hadithi. Nasema tu kwamba kuificha lugha ya jirani hakukuwa dawa, na anayetupa dawa hiyo tena hana budi kutuonyesha ni lini iliponya.

Tena redio na kitabu si kitu kimoja. Neno la redio hupita usiku na asubuhi msemaji hulikana. Kitabu kina jina la mwandishi mgongoni, kimekaa mahali pamoja, na kila mwenye macho aweza kukifungua, kukipima na kukijibu. Kama wataka kujua jirani anasema nini juu yako, ni heri akiandike na kukiweka mezani.

Wala lugha ya nyumbani haikai nyumbani daima. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alichapisha Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu mwaka 1980. Baada ya miaka miwili ikasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Grace Ogot aliandika Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatoka kwa Kiingereza. Taaitta Toweett, aliyepata kuwa waziri, alichapisha mwaka 1979 historia ya Wakipsigis kama ilivyopokewa kwa midomo ya wazee. Fikiri juu ya meza moja yenye vitabu hivi: msichana wa Kinandi wa Kapseret anasoma kwa Kiswahili kilichoandikwa kwanza kwa Kikuyu, na mvulana wa Kikuyu wa Langas anasoma mambo ambayo wazee wa Kikipsigis waliyasimulia. Sioni mpaka umechorwa wapi. Naona watu wawili wanaojua jambo ambalo jana hawakulijua, kila mmoja juu ya ukoo wa mwenzake.

Wanaosema kwamba simu imeiua maktaba sitabishana nao sana. Simu hula vocha, na mwenye kukosa mia moja ya chakula hana mia moja ya vocha; maktaba yenye intaneti ya bure itamsaidia huyo na kitabu pia. Wanaosema kwamba Waafrika hawasomi nawarudisha kwa mzee wa mabuti ya matope. Na wanaosema hospitali kwanza, nawauliza kama hospitali ndiyo iliyopewa fedha ambazo maktaba ilinyimwa.

Ninalotaka ni dogo. Pale mlangoni, kando ya daftari la kuandika majina ya waingiao, pawe na daftari la pili ambamo kila mtu huandika kitabu alichokuja kukitafuta akakikosa, na kwa lugha gani. Mkutubi alisome kila mwezi. Mwisho wa mwaka maneno ya daftari hilo, wala si shehena ya masanduku bandarini, yawe ndiyo orodha ya ununuzi. Humo mama muuza mitumba ataandika hesabu ya biashara. Fundi wa pikipiki ataandika injini. Mkimbiaji wa riadha aliyekuja kufanya mazoezi katika baridi yetu ataandika maarifa ya chakula na ya mikataba, maana wengi wamedhulumiwa fedha zao kwa kutoelewa karatasi walizotia sahihi. Kipofu atapata mtu wa kumwandikia kwamba ataka kitabu cha nukta nundu. Kenya iliingia katika Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na mkataba huo umerahisisha kunakili vitabu kwa ajili ya watu kama yeye. Lugha isiyo na vitabu vingi, kama Kiturkana, itaonekana katika daftari kwa upungufu wake, na hapo maktaba itajua kwamba imepata kazi ya kurekodi wazee wangali hai.

Na kwa walio mbali, vitabu vitoke viwafuate. Huko Garissa mwaka 1996 masanduku ya vitabu yalianza kupakiwa juu ya ngamia kuwafuata wafugaji nyikani. Sisi hatuna ngamia, lakini bodaboda zetu hufika Burnt Forest na Ziwa kila siku na magunia mazito kuliko sanduku la vitabu.

Haya hayahitaji sheria mpya. Makadirio ya fedha za kaunti hupelekwa katika bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati yake wananchi huitwa kutoa maoni, na viti vingi huwa vitupu. Kifungu cha 37 cha Katiba humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, wala hakikutaja umri. Wewe na wenzako wa darasa mwaweza kwenda maktaba Jumamosi hii, mkafunga vitabu vyenu vya mtihani kwa saa moja, mkapita rafu kwa rafu mkihesabu: vingapi vya Kiswahili, vingapi vya lugha za nyumbani, vingapi vilivyochapishwa Kenya, vingapi vilivyoazimwa mwaka huu. Andikeni hesabu hiyo kwa wino, mtie sahihi zenu, muipeleke kabla ya Aprili.