Mganga Hajigangi: Mwanafonetiki na Sauti Yake

Wahenga wamesema mganga hajigangi. Kauli hii yatuhusu sisi tufundishao isimu ya Kiswahili kuliko tupendavyo kukiri. Katika somo la fonetiki matamshi huwaeleza wanafunzi jinsi hewa itokayo mapafuni inavyozitetemesha nyuzi za sauti, takriban mara 100 hadi 120 kwa sekunde kwa mwanamume na mara 200 hivi kwa mwanamke. Kisha twaingia ukumbini saa mbili asubuhi, hatujatamka lolote tangu kuamka ila salamu, na papo hapo twapaza sauti mbele ya mamia ya wasikilizaji. Maoni yangu ni kwamba kupasha sauti moto ni sehemu ya maandalizi ya mhadhara, na kwamba wanaisimu ndio wapasao kulifundisha jambo hili.

Sisemi haya nikiwa mtazamaji. Baada ya kufundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, sauti ilinikauka katikati ya muhula, nikalazimika kunyamaza wiki mbili. Kilichonifedhehesha si maradhi, bali swali la daktari: ‘Kwani wewe hufundisha nini?’

Kiswahili chenyewe chatudai uangalifu. Mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali taarifa muhimu za kisarufi hubebwa kwenye ncha za kitenzi. Tofauti ya nilisoma, ulisoma na alisoma imo katika silabi ya kwanza, isiyo na mkazo. Asoma na asome hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu, nayo pia haina mkazo. Sauti isiyoandaliwa huanza kwa kukwaruza na kuishia kwa kufifia. Yaani hupoteza ncha hizohizo. Mwanafunzi aliyeketi nyuma husikia kwamba kuna kusoma, asijue nani amesoma, wala kama ni habari au ni agizo.

Wako watakaodai kwamba mazoezi ya sauti ni ya waimbaji na waigizaji. Lakini mwimbaji huimba kwa muda mfupi, akapumzika muziki ukipigwa. Mhadhiri husema saa nzima, na pengine ana vipindi vitatu kwa siku. Wengine watasema kipaza sauti chatosha. Ni kweli kwamba chombo hicho humpunguzia msemaji nguvu za kutumia, na vyuo vinapaswa kukiweka katika kumbi zote kubwa. Hata hivyo, hukuza kile kilichopo. Mkwaruzo nao hukuzwa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji zaidi ya dakika tano, na vifaa vyake vimo katika fonolojia yetu. Msemaji aanze kwa kupumua taratibu, mabega yakiwa yametulia. Kisha avumishe nazali m, n na ng’ kwa sauti ndogo, akipanda na kushuka pole pole. Afuatishe irabu tano, i, e, a, o, u, bila kukaza koo. Amalizie kwa kutamka polepole vitenzi vya mfano wa vile nilivyovitaja, akizitimiza silabi za mwanzo na za mwisho. Maji yanywewe mapema, kwa kuwa hayapiti juu ya nyuzi za sauti, bali huzifaa kupitia unyevu wa mwili mzima. Kukohoa ili kusafisha koo kuepukwe, kwani huzigonganisha nyuzi hizo kwa nguvu. Na ukwaruzaji unaodumu zaidi ya wiki tatu si wa mazoezi tena. Ni wa daktari.

Wengi wa wanafunzi wetu wa Kiswahili huwa walimu wa sekondari, wenye madarasa makubwa na wasio na kipaza sauti. Twawatahini kuhusu alasauti kwa mchoro na istilahi, kisha twawapeleka kwenye mazoezi ya kufundisha bila kuwaonyesha jinsi ya kuzitunza. Napendekeza kwamba walau saa mbili za somo la fonetiki zitengwe kwa ajili ya matunzo ya sauti, na kwamba mhadhiri mwenyewe afanye mazoezi hayo mbele ya darasa. Ni matumaini yangu kwamba wanataaluma wenzangu watalijadili pendekezo hili, hasa wale ambao sauti zao zingali salama.