Dirisha la Wazee na Sindano ya Mafua

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ilifungua njia ya matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na ndiyo maana mzee afikaye hospitalini, Mpanda mkoani Katavi kama kwingineko nchini Tanzania, hutarajia kuelekezwa kwenye dirisha lake badala ya kusukumana foleni na vijana. Dirisha hilo, hata hivyo, humfaa akishaugua. Upande wa kinga umeachwa nyuma, na mfano ulio wazi ni chanjo ya mafua ya msimu, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa wazee lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo ya Tanzania.

Mafua yanayokusudiwa hapa si kamasi za siku mbili zinazokwisha kwa chai ya tangawizi. Ni influenza, maradhi ya njia ya hewa yaletwayo na virusi vya aina A na B, ambayo humwangusha mtu ghafla kwa homa, kikohozi kikavu na maumivu ya mwili mzima. Kijana hulala siku chache akainuka. Mzee, ambaye kinga ya mwili wake imepungua nguvu kwa umri, huweza kuingiliwa na nimonia, yaani uambukizo wa mapafu unaoziba pumzi, huku presha na kisukari alivyokuwa navyo vikichachamaa. Hata moyo haubaki salama, kwani utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa katika siku 7 baada ya influenza kuthibitishwa, uwezekano wa kupata shambulio la moyo hupanda takriban mara 6.

Katavi ina mazingira yanayoongeza uzito wa jambo hili. Bibi aliyepikia kuni tangu usichana wake, au mkulima aliyekesha akichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, huingia uzeeni na mapafu yaliyokwisha kuumizwa na moshi, kisha huishi nyumba moja na wajukuu wanaorudi na virusi kutoka shuleni. Homa ikimshika, hushukiwa malaria kwanza, na kipimo kisipoonyesha vimelea, mara nyingi hupewa dawa ya kutuliza maumivu akarudi nyumbani, bila mafua kuandikwa popote kuwa ndiyo yaliyomlaza.

Chanjo yenyewe isipambwe kupita kiasi. Katika miaka inapooana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 40 hadi 60, na kwa wazee huwa chini ya hapo, ndiyo sababu baadhi ya nchi tajiri huwapa wazee dozi yenye nguvu zaidi. Lakini faida yake kubwa ni kumwepusha mzee na kitanda cha wodi hata pale mafua yanapompata. Kwa kuwa virusi hubadilika, wataalamu huchagua mchanganyiko mpya kila Februari kwa kaskazini ya dunia na kila Septemba kwa kusini, na sindano hurudiwa kila mwaka. Virusi vilivyomo katika sindano ya kawaida vimekwisha kuuawa, hivyo haviwezi kuleta mafua. Kinachotarajiwa ni maumivu ya mkono na pengine homa ndogo.

Hoja kwamba wazee hawafikiki haina mashiko. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, wenye umri wa miaka 50 na zaidi walikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo. Mwaka 2023, baada ya polio kugundulika Rukwa, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Katavi na matone ya watoto, wakiwapita babu na bibi barazani bila kuwa na chochote cha kuwapa.

Fedha ndiyo kikwazo cha kweli, na Wizara ya Afya, yenye surua na polio mkononi, ina haki ya kuuliza zitatoka wapi. Jibu la safu hii ni kuanza na wachache: wazee wanaohudhuria kliniki za presha na kisukari, ambao majina yao yamo daftarini, siku yao ya kuhudhuria inajulikana, na mkono wa shati lao tayari hukunjwa ili kupimwa presha.