Kuinua Karoseri ya Motokari: Ni Nini Inapanda?



Kijana mumoja alinifikia kisha ibada, akasema: "Pasta, baba alinunua Hilux ya zamani. Tunataka kuinua karoseri, ipite matope ya mvua." Nikamwuliza: "Mwanangu, ni nini itapanda?" Akanyamaza. Na weye musomaji, ungejibu nini?

Pikapu iko na shasi, ni kusema mifupa ya chuma. Juu yake kuko karoseri: kabini na benne. Zinafungwa pamoja na buloni kubwa. Kuinua karoseri ni kutia vipande vya nailoni ngumu ao vya aluminyumu katikati, na kutia buloni ndefu pa nafasi ya zile za zamani. Mara nyingi ni sentimetre 2,5 mpaka 7,5. Motokari yenye haina shasi ya kujitenga na karoseri, haiwezekani.

Sasa sikia vizuri. Ponti inabaki pale ilikuwa! Jiwe lenye kuigonga jana, litaigonga na kesho. Faida yenye unapata ni nafasi ya kutia mapine makubwa. Na hata pine ikipita ya zamani kwa urefu sentimetre 10, ponti inapanda 5 tu, kwa sababu iko katikati ya gurudumu.

Kama unafanya kazi ile, ondoa kwanza waya ya batri. Legeza buloni zote, kisha utoe zile za upande mumoja tu. Inua polepole na kriki, na kibao kati ya kriki na karoseri. Usiingize mukono pale ikiwa ni kriki peke yake inashika! Usitie vipande vya muti: vinapasuka na kuoza. Angalia chuma ya volani, tiyo za freni, tiyo ya kutilia mafuta, na waya ya masi: zisivutike. Radiatere inapanda na karoseri, lakini ventilatere inabaki na motere; inaweza kukwaruza kifuniko chake. Kisha siku chache za kutembea, kaza buloni tena.

Tena kuko jambo kubwa kuliko yote. Uzito ukipanda, motokari inaanguka mbio katika kona. Sisi tunajua namna tunabebaka: magunia ya makala, na juu ya magunia, watu. Na mapine makubwa yanadanganya konteri: inaonyesha 80, kumbe unapita 80. Dereva anakaa juu, anaona mbali, anazani iko na nguvu. Freni nazo zinachoka mbele ya yeye kuchoka.

Hilux ile ndiyo inabebaka batoto wa kwaya yetu, siku ya kutembelea makanisa ya pembeni. Nilimwambia baba yake hivyo, bila kuficha. Alinyamaza murefu. Kisha akasema: "Pasta, feza ile tutatengeneza freni, na kununua mapine mapya ya matope ya kipimo kile kile. Na mupauro." Kijana hakufurahi, mpaka mvua ilianza. Walikwama mara mbili, wakachimba, wakatoka. Batoto wote walirudi kwao na miguu ya matope, wakiimba.

Mbele ya kuinua, uliza nani anapandaka nyuma.

Mubaki na amani. Mwezi ujao, tutaongea juu ya freni.