Kikohozi cha Nzahaha na Mionzi ya Kanombe

Katika safari yetu ya kikazi sekta ya Nzahaha, wilaya ya Rusizi, tulikaribishwa barazani na sajini mmoja mstaafu. Kwa muda wa saa nzima tuliyokaa naye alikohoa mfululizo. Alivuta sigara kwa zaidi ya miaka 30, tangu siku za kambini. Makohozi yake yalikuwa yamepimwa mara mbili kutafuta kifua kikuu, yasionekane na kitu. Akapewa dawa ya maji, akarudi nyumbani. "Kikohozi hiki, afande, ni cha uzee tu," alitueleza. Hatusemi kwamba mzee huyo ana saratani; huenda hana kabisa. Lakini hakuna aliyekwisha kumpiga picha ya kifua, na jambo hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wasomaji wetu wanajeshi na askari polisi wanafahamu kuwa tangu mwaka 2019 hospitali ya jeshi ya Kanombe, mjini Kigali, inatibu saratani kwa mionzi, ikitumia mashine mbili za kisasa ziitwazo linaki. Kituo chenyewe kilifunguliwa rasmi Februari 2020. Kabla ya hapo Mnyarwanda aliyehitaji mionzi alilazimika kuvuka mpaka. Wako waliokwenda Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako mashine iliyofungwa mwaka 1995 iliharibika kabisa mwaka 2016 na kuwaacha wagonjwa wa nchi kadhaa bila msaada. Wengine walikwenda Kenya au India, kwa gharama ambayo familia ya askari wa kawaida haiimudu.

Sasa, katika tiba ya mionzi kuna namna moja inayostahili kuelezwa kwa urefu, nayo ni mionzi ya shabaha kwa saratani ya mapafu ingali changa. Kwa desturi mgonjwa wa mapafu hupewa mionzi kidogo kidogo, grei 2 kwa siku, siku 30 hivi, yaani wiki sita. Katika mionzi ya shabaha, miali myembamba hutoka pande nyingi na kukutana mahali pamoja tu, penye uvimbe. Kila mwali peke yake ni dhaifu, kwa hiyo nyama unayopita haidhuriki sana. Pale inapokutana yote, nguvu yake ni kubwa mno. Mgonjwa aweza kupokea grei 18 kwa mara moja, akamaliza matibabu kwa mara tatu, au tano. Hakatwi kwa kisu, wala hapewi nusukaputi.

Mtu wa Kigali huenda asione tofauti kubwa kati ya wiki sita na wiki mbili. Mkulima wa Nzahaha, aliye mbali na Kanombe kwa zaidi ya kilomita 200 za barabara ipitayo msitu wa Nyungwe, anaiona mara moja. Wiki sita ni kodi ya chumba, ni chakula cha kununua, ni shamba la mpunga lililoachwa bondeni.

Kazi hii ilianza Sweden na Japani katika miaka ya 1990. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 55 ambao afya yao haikuruhusu kupasuliwa: baada ya miaka mitatu, uvimbe uliopigwa ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 97.6. Hata hivyo waliokuwa hai walikuwa asilimia 56 hivi, kwa sababu wengi wao walikuwa na maradhi mengine mazito ya moyo na mapafu. Kwa mtu mwenye nguvu, upasuaji ungali ndio njia ya kwanza.

Mionzi hiyo ina hatari zake. Mapafu hayatulii, yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, na uvimbe huenda nayo. Lazima picha zichukuliwe katika mwendo huo, na wanafizikia wa tiba wapige hesabu zao kwa uangalifu mkubwa. Uvimbe ulio karibu na njia kuu za hewa haupigwi kwa nguvu ile ile, kwani mwaka 2006 iliripotiwa kuwa wagonjwa wa namna hiyo waliumizwa vibaya, na wengine kufa. Nje kidogo ya Nairobi, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilipata mwaka 2023 mashine yenye mkono wa roboti inayoufuata uvimbe unaposogea. Lakini mashine yoyote bila wataalamu ni chuma tu.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, ugumu mkubwa hauko Kanombe. Uko huku vijijini. Mionzi ya shabaha ni ya uvimbe mdogo ambao haujatawanyika, na uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hauumi. Unapoanza kuleta damu na kukondesha, mara nyingi wakati umekwisha pita. Tena katika nchi zetu kila kikohozi kirefu hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Makohozi yasipoonyesha kitu, uchunguzi unaishia hapo.

Wako wanaopendekeza kila mvutaji apigwe picha ya skana. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2011, kwa watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kuwa hatua hiyo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Lakini katika kila madoa 100 yaliyotiliwa shaka, takriban 96 hayakuwa saratani. Kwetu, ambako makovu ya kifua kikuu ni mengi, hofu na gharama zingezidi. Tunaona yafaa kuanza na wachache: aliyevuta miaka mingi, aliyepita umri wa miaka 50, ambaye kikohozi chake kimezidi wiki tatu na makohozi yake hayana kifua kikuu. Huyo asipewe chupa ya pili ya dawa ya maji. Apewe barua ya rufaa, apigwe picha.

Waganga wa vikosi wanaweza kuanza hata kesho, kwa kuwa askari wana bima yao, MMI, na majina ya wavutaji wa siku nyingi yanajulikana katika kila kombania. Wastaafu ndio watakaotusumbua kuwapata, maana wametawanyika vilimani na wengi hawapendi kulalamika.

Sajini wetu tulimwandikia jina la hospitali ya wilaya kwenye kipande cha karatasi. Alikikunja, akakitia katika mfuko wa shati, palipokuwa na pakiti ya sigara.