Chanda Chema Ndicho Huvikwa Pete

Ndugu msomaji, juma hili nimepokea barua iliyonikalisha kitako. Mwandishi wake ni mama wa watoto watatu, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Anasema kwamba mwaka jana alimzika mama yake mzazi, na tangu siku ile kifua chake kimekuwa kizito, usingizi umemruka, na kazini hutenda kama mtu aotaye mchana. Jirani yake, kwa nia njema, alimpeleka kwa mfanyabiashara mmoja auzaye vitu vya bahati vya Kichina. Bwana yule alimwuliza mwaka wa kuzaliwa, akafunua kijitabu, akatikisa kichwa na kumwambia kwamba asili yake ya chuma imedhoofika. Dawa iliyotajwa ni bangili ya rangi ya dhahabu, pamoja na kengele ya upepo yenye mirija sita ya kutundikwa mlangoni. Bei ya vyote viwili inakaribia nusu ya mshahara wake wa mwezi. "Ninunue, au niache?" anauliza.

Swali hili halistahili kuchekwa. Mtu aliyefiwa hushika lolote analonyoshewa. Basi kabla ya kujibu, hatuna budi kujua Wachina wenyewe husema nini juu ya hicho chuma.

Wengi wetu tumekua tukisikia habari za nyota za moto, udongo, upepo na maji. Wachina huhesabu tano, na upepo haumo: mti, moto, udongo, chuma na maji. Elimu hii ni ya kale sana, na mwanafalsafa Zou Yan, aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye hasa anayetajwa kuwa aliipanga na kuieneza. Wao huiita wu xing. Neno wu ni tano, na xing ni kwenda au mwendo. Kwa hiyo hawazungumzii vitu vitano vya kushikwa mkononi, bali miendo mitano ya maisha, kila mmoja ukizaa mwingine. Mti hulisha moto. Moto huacha majivu, nayo huwa udongo. Udongo huzaa chuma. Chuma huzaa maji, mfano wa umande unaotanda juu ya bati alfajiri. Maji nayo huulea mti. Kadhalika hutiana adabu: maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mti hupasua udongo, na udongo huzuia maji.

Neno lao la chuma ni jin, ambalo maana yake ni dhahabu na pia madini yote yayeyushwayo. Mimi nalitumia neno chuma kwa sababu lugha yetu imetupa zawadi hapa: chuma ni kitu kigumu, na kuchuma ni kuvuna. Kwa Wachina, majira ya chuma ndiyo majira ya kupukutika majani, ambayo kwa kalenda yao ya kale huanza mapema Agosti na kwisha mapema Novemba. Ndipo mazao huvunwa, ghala hujazwa, na mti huyaacha majani usiyoyahitaji tena. Katika zama za wafalme wao, hata hukumu za kifo aghalabu zilingojea majira hayo. Upande wa chuma ni magharibi, rangi yake nyeupe, ladha yake ukali kama wa tangawizi, na wema wake ni uadilifu. Katika mwili, chuma hutawala mapafu, utumbo mpana, pua na ngozi. Na hisia yake, ndugu msomaji, ni huzuni.

Sasa tazama kalenda. Miaka ya Kichina huzunguka kwa duru ya miaka 60, wanyama kumi na wawili wakipokezana na asili tano. Miaka yote ya Kizungu inayoishia na 0 au 1 ni ya chuma: 1960 panya, 1961 ng'ombe, 1970 mbwa, 1971 nguruwe, 1980 nyani, 1981 jogoo, 2000 joka, 2021 ng'ombe tena. Aliyezaliwa Januari au mwanzoni mwa Februari aangalie vizuri, kwani mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari.

Mama yetu anasema alizaliwa tarehe 20 Septemba 1981. Huo ni mwaka wa jogoo wa chuma. Jogoo mwenyewe, hata bila mwaka wake, huhesabiwa kuwa mnyama wa chuma. Na mwezi unaoanza karibu na tarehe 8 Septemba ni mwezi wa jogoo vilevile. Kwa hesabu ya hao hao Wachina, mama huyu amezungukwa na chuma pande zote! Mnajimu wa kweli wa Kichina hatoi hukumu kwa mwaka peke yake. Huchukua mwaka, mwezi, siku na saa, ziitwazo nguzo nne, kila moja ikiwa na herufi mbili, akapima herufi zote nane. Muuza bangili aliuliza swali moja tu, na hata hilo moja jibu lake hakulisoma.

Ni kweli kwamba wazazi wengi wa Kichina wamejali sana jambo la asili inayopungua. Mwandishi mashuhuri Lu Xun, katika hadithi yake ya mwaka 1921 kuhusu safari ya kurudi kijijini kwao, anamweleza kijana aliyeitwa Runtu. Mtoto huyo alipewa jina lenye neno udongo ndani yake kwa kuwa wapiga ramli waliona udongo umepungua katika nyota yake. Kwa mtindo huo huo, mtoto aliyepungukiwa chuma aweza kupewa jina Xin, linaloandikwa kwa kurudia herufi ya dhahabu mara tatu. Watoto wengine huvishwa shingoni kufuli dogo la fedha ili roho ifungwe isitoroke. Mila hizo ni mapenzi ya mzazi kwa mwanawe, nasi pia tunayo yetu.

Lakini hata China kwenyewe wamekuwapo watu wa kuhoji. Mwanachuoni Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27, aliwadhihaki wanajimu wa zama zake. Aliuliza: ikiwa chuma hushinda mti, na jogoo ni chuma na sungura ni mti, mbona hatuoni jogoo akimdonoa sungura? Karibu miaka 2,000 imepita na swali hilo bado lina makali. Hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba mwaka wa kuzaliwa huyapa mapafu nguvu au huyanyima.

Je, tuitupe elimu yote? La hasha. Ukiacha utabiri, ndani yake mna mashauri ya maisha yasiyogharimu kitu. Nitayataja manne, kwa jinsi yanavyohusu nyumba ya mfanyakazi.

Kwanza, anza na jiko. Matabibu wa Kichina wana kanuni kwamba mtoto akidhoofika, mlishe mama yake. Mama wa chuma ni udongo, na udongo katika mwili ni tumbo. Kwa hiyo anayetaka kuimarisha chuma huambiwa ale kwa saa zake, chakula chenye moto, bila papara. Mfiwa ambaye hushinda na chai kavu hadi jioni, hata akivaa bangili kumi hatapata nguvu. Wakati wa majira ya chuma, nyumba nyingi za Kichina hupika peasi kwa mvuke pamoja na sukari ili kulainisha koo. Mapeasi hayo si mageni kwetu. Huletwa sokoni kutoka Lushoto. Figili, tangawizi na kitunguu saumu nazo wanazihesabu katika ladha ya chuma.

Pili, pumua. Alfajiri katika bustani za miji ya China utawaona wazee na wafanyakazi wakinyosha mikono polepole, pumzi ikiingia kwa pua na kutoka taratibu. Zoezi mojawapo huitwa Vipande Vinane vya Hariri, nalo limefanywa kwa karne nyingi. Katika zoezi jingine, pumzi ya mapafu hutolewa kwa sauti laini ya "sss", kama maji yanayochuja. Kitabu chao cha kale cha utabibu kinamshauri mtu, katika majira hayo, alale mapema na kuamka na jogoo. Dakika kumi uani, kabla watoto hawajaamka, zinatosha kuanzia. Na mwenye kuvuta sigara ajue kwamba hakuna chuma kitakachomsaidia asipoizima.

Tatu, panga na punguza. Wanaofuata elimu hii leo husema chuma hupenda mpangilio: kisu mahali pake, karatasi katika jalada lake, deni katika daftari. Wahenga wetu walilijua hilo bila kufika Peking, waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisichofaa kitolewe. Mti usiopukutisha majani makavu hauna nafasi ya kuchipusha mapya.

Nne, na hili ndilo kubwa, huzuni iwekewe mpaka. Wachina hawasemi usilie. Nyeupe, rangi ya chuma, ndiyo rangi yao ya msiba, na kwa desturi yao ya kale maombolezo huhesabiwa juma kwa juma, saba mara saba, hadi siku ya 49. Nasi tuna matanga, na tuna siku ya kuanua matanga. Kuanua matanga ni kuyakata maombolezo, na kukata ni kazi ya chuma. Kitabu chao kile cha utabibu kinasema kwamba huzuni iliyopita kiasi huila pumzi, na kwamba furaha huishinda huzuni, kama moto unavyolainisha chuma. Mfiwa asiachwe peke yake. Apelekewe watu, mazungumzo na kicheko, hata kama kicheko cha kwanza kitatoka na machozi.

Ndugu msomaji, niruhusu nikuambie langu. Baba yangu alikuwa seremala. Alipofariki niliachiwa sanduku lake la vifaa: randa mbili, patasi, msumeno na nyundo. Nililisukuma chini ya kitanda, nikaapa kwamba hakuna atakayeligusa. Kila usiku nililala juu yake, na kila asubuhi niliamka na jiwe kifuani. Miaka mitatu ilipita. Siku moja tulipohama chumba nilifungua kifuniko, nikakuta kutu imeshika kila kitu. Msumeno ulikuwa mwekundu kama udongo. Nilifikiri ninatunza kumbukumbu ya baba, kumbe nilikuwa ninaiozesha.

Jumapili ile ile nilimpelekea binamu yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize mafunzo ya useremala. Alikaa uani na jiwe la kunolea, akapiga msasa, akapaka mafuta, akanoa hadi jua likazama. Kisha akaipitisha randa ya baba juu ya ubao, na unyoya mwembamba wa mbao ukajikunja na kuanguka. Nililia pale pale, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Usiku huo nililala. Kinolewacho hupata, na kinachofichwa hula kutu.

Sasa namjibu mama yetu. Mama, bangili usiinunue. Ukipenda bangili kwa uzuri wake, siku mfuko ukiruhusu ununue iliyo ya bei yako, lakini usiinunue kama dawa. Kwanza nenda hospitali ukapimwe kifua. Ikiwa unakohoa kwa majuma mawili au zaidi, omba upimwe kifua kikuu. Nchini Tanzania matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Asikuzuie mtu kwa maneno ya nyota. Waeleze pia habari za usingizi na uzito wa moyo, maana nayo ni maradhi yenye tiba. Halafu rudi nyumbani, ule, upumue, na ulifungue lile sanduku la nguo za mama yako ambalo katika barua yako umesema hujathubutu kulifungua. Waite dada zako. Khanga moja ubaki nayo. Zilizobaki zivaliwe na walio hai.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema pete hufanya chanda kuwa chema. Na nyota yako, mama, kama Wachina wana ukweli wowote, imejaa chuma tangu siku uliyozaliwa. Kinachohitajika ni kukinoa.

Tuonane Jumapili ijayo.